Cessna 172 ya mwaka 1975, injini saa 310 tu tangu ovaholi: tuinunue?

Mhasibu_Kisongo:

Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu hapa Arusha: mimi mhasibu, mwenzetu mmoja ni daktari wa meno, mwingine anauza mbegu. Wawili kati yetu tuna leseni za urubani binafsi, na mimi nina saa 140 tu kitabuni. Tumechoka kukodi. Tumeipata Cessna 172M ya 1975, iko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, bado ina usajili wa Kenya. Mwenyewe anataka dola 48,000 na anaonekana yuko tayari kushuka.

Kilichotuvutia ni rangi mpya, viti vilivyoshonwa upya kwa ngozi, na injini yenye saa 310 tu tangu ifanyiwe ovaholi (kufunguliwa yote na kujengwa upya) mwaka 2006. Watengenezaji wanaipa injini hiyo saa 2,000 kabla ya ovaholi nyingine, kwa hiyo kwa hesabu zangu tumebakiwa na saa 1,690. Tukiruka saa 100 kwa mwaka, ni miaka kumi na sita bila kuigusa. Kabla ya kuja Wilson ilikuwa Malindi. Mwenyewe anasema "ilipumzika" huko miaka michache.

Tunakwenda kuiona Jumamosi ya wiki ijayo. Tuangalie nini? Msinicheke, magari nimenunua, ndege bado.

Pangaboi:

Mkuu hongera, mwenzako bado nalipia Vitz.

Mchango wangu ni mmoja. Msikaguliwe ndege na fundi anayeihudumia sasa hivi. Hata akiwa mtu mwema kiasi gani, hawezi kusimama mbele yenu aseme kazi yake ni mbovu. Tafuteni fundi mwenye leseni ambaye hajawahi kuigusa, mlipeni ninyi, na ripoti iwe yenu.

Fundi_Spana:

Mhasibu, hesabu yako imesahau safu moja, ya miaka. Lycoming, watengenezaji wa injini hiyo, wanasema saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Kwa kalenda, injini hiyo ilishazeeka. Kama mamlaka itakushurutisha uifungue au la ni suala la kuulizia TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla hamjatoa hata shilingi, maana ndege ikishaacha 5Y ya Kenya na kuvaa 5H ya Tanzania, watakaoidai karatasi ni wa huku.

Lakini tuache karatasi kwanza. Wewe umeona saa 310 ukafurahi. Mimi nimeziona nikashtuka. Gawanya kwa miaka yote hiyo, unapata kama saa moja na dakika ishirini kwa mwezi. Na huo ni wastani. Malindi huenda ilikuwa sifuri kwa miezi na miezi.

Kwenye O-320, aina ya injini hiyo, kemshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) iko juu ya krenkshafti (mhimili mkuu). Injini inapozunguka, oili inairukia, haina shida. Ndege ikisimama, oili inachuruzika na kurudi chini, kemshafti inabaki kavu kama mfupa. Sasa weka hapo unyevu wa Malindi, hewa ya chumvi inapita kwenye bomba la moshi na kwenye bomba la kupumulia, usiku inapoa, asubuhi kuna umande ndani. Kutu inaota vidoa vidogo kwenye nundu za kemshafti, mithili ya makovu ya tetekuwanga. Siku mtu akija kuiwasha, zile nundu zenye ukurutu zinaanza kusugua uso wa tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na nundu. Hapo chuma kinaliwa. Hakuna kelele, hakuna moshi, na mita ya saa inaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kitu.

Nalijua hili kwa mfuko wangu. Mwaka 1998 mimi na jamaa wawili tulinunua 172 iliyokuwa imelala Tanga kwenye hanga lisilo na mlango. Mimi ni fundi, na nilijiona mjanja. Nikapima kompresheni mwenyewe: 74, 76, 75 na 73 kwa 80. Nani angekataa namba hizo? Tukalipa, tukaileta Arusha. Baada ya saa 38 hivi nikaanza kuona haipandi. Arusha ni futi 4,550, kila mtu analaumu joto na mwinuko, nami nikalaumu hivyo hivyo wiki mbili nzima. Tulikuwa wawili tu ndani, tenki nusu, bado inajikokota kama daladala yenye abiria wa sikukuu. Nikamwaga oili, nikakata filta, nikakunjua ile karatasi juani. Ilimeta kama magamba ya dagaa. Nikapitisha sumaku, yakaikimbilia yote. Tulipofungua, nundu mbili za kemshafti zilikuwa zimelika hadi zimekuwa duara. Gharama ya kuijenga ilizidi nusu ya bei tuliyonunulia ndege nzima. Mmoja wa wale jamaa hatujasalimiana vizuri hadi leo.

Kompresheni inakueleza habari za silinda, ringi na valvu. Kuhusu kemshafti haisemi neno. Kamera ya kuingiza kwenye tundu la plagi nayo inaonyesha kuta za silinda na valvu, ni nzuri sana, itumieni, ila kemshafti haifiki. 172M ya 1975 ina O-320-E2D, na tapeti zake hazichomoki bila kupasua injini. Njia ya kuona ni kutoa silinda moja, ikiwezekana mbili, na kuchungulia kwa taa na kamera. (172N ya 1977 na kuendelea ni habari nyingine. Injini yake, O-320-H2AD, tapeti zinatokea nje, ingawa nayo ilikuwa na ugonjwa wake wa kemshafti.)

Mkifika Wilson mkakuta oili imebadilishwa juzi, angavu kama asali mpya, ulizeni filta ya zamani iko wapi.

Bi_Kaskazi:

Mzee Spana, shikamoo. Mie naruka Unguja na Pemba, chumvi naijua kwa harufu. Wewe umeshika injini, basi nami niseme ya bodi.

Kaka Mhasibu, hiyo rangi mpya ndiyo ingenitia wasiwasi. Miaka hiyo Cessna kupaka dawa ya kuzuia kutu ndani ya mabati lilikuwa jambo la hiari, mnunuzi alilipia zaidi akitaka. Ndege nyingi zilitoka kiwandani bati tupu ndani. Halafu ikae Malindi! Alumini hailiki kwa rangi ya hudhurungi kama chuma, inatoa unga mweupe na inavimba. Chini ya rangi utaona vijistari vilivyojipinda kama njia za minyoo. Akija mtu akapiga msasa juu juu akapaka rangi, unaona ndege ya harusi. Pitisha kiganja pembeni ya safu za ribiti na kwenye maungio ya mabati, hasa chini ya mabawa na chini ya tumbo. Palipoinuka, uliza. Ng'oa zulia lote. Toa vile vifuniko vidogo vya ukaguzi chini ya mabawa, vyote, si viwili vya mfano, na chungulia kwa tochi. Ukikuta kiota cha panya usione kioja, mkojo wa panya unakula alumini kuliko bahari.

Ngozi mpya nayo. Je, kuna karatasi ya kuthibitisha kwamba ngozi hiyo haishiki moto kirahisi? Na baada ya rangi na viti, ndege ilipimwa uzito upya? Mie nimeona ndege "imeongezeka" kwa rangi ya pili iliyopakwa juu ya ile ya kwanza.

Mkishaisifu ngozi, lala chini uangalie reli za kiti cha rubani. Hiki ni kitu kidogo na kimeua watu. Pini ya kiti inaingia kwenye matundu ya reli. Yakilika yakawa na umbo la yai, pini haishiki. Unaongeza moto kuondoka, pua inainuka, kiti kinateleza nyuma nawe ukaning'inia kwenye usukani, pua inazidi kwenda juu. Mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la ukaguzi wake tangu 1987, na ukaguzi unarudiwa kila saa 100. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kumbukumbu za ndege lazima pawepo na maandishi ya jambo hilo, tena mengi. Yasipokuwepo, basi hata hayo mengine yaliyoandikwa mie nisingeyaamini.

Fundi_Spana:

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha na pua. Ndege za mafunzo na za viwanja vya changarawe zinapigizwa tairi la mbele. Fungueni vifuniko vya injini mtazame lile bati linalotenga injini na miguu ya rubani, sehemu ya chini. Likiwa na mikunjo kama shati lililolaliwa, ilitua vibaya siku moja. Kisha tafuteni siku hiyo kwenye vitabu. Pangaboi (propela) likigusa ardhi, injini inapaswa kufunguliwa na kukaguliwa, hata kama pangaboi lilinyooshwa likang'ara.

Mhasibu_Kisongo:

Wazee, nimesoma yote mara mbili, daktari wa meno nimemsomea kwa simu. Nimemwomba mwenye ndege anitumie picha za vitabu vyote. Amenituma cha bodi na cha injini. Cha propela anasema "kipo mahali". Nimeona pia takometa, ile mita inayohesabu saa za injini, ilibadilishwa 2013, na ukurasa huo hausemi ile ya zamani ilikuwa imefika saa ngapi.

Kuhusu silinda amekataa. Amesema haruhusu injini yake ifunguliwe kwa sababu ya wasiwasi wa watu wa mtandaoni. Filta amekubali.

Fundi_Spana:

Takometa mpya inaanza sifuri, kwa hiyo hizo 310 zako zinaweza kuwa 310 au zinaweza kuwa namba ya kupendeza tu. Wewe mhasibu, unajua maana ya leja iliyochanwa ukurasa katikati.

Kukataa ni haki yake, injini ni yake. Na haki yenu ni kuihesabu kana kwamba imekufa. Chukueni bei ya 172 kama hiyo, toeni gharama ya ovaholi kamili pamoja na kuisafirisha, kinachobaki ndicho mtakachompa. Akiona mmemtukana, muage kwa heshima. Kitabu cha propela kisipopatikana, hesabuni na propela pia.

Jambo jingine ambalo vijana hulisahau wakishaona rangi: kabla ya kulipa, fundi wenu au wakili aende kwenye daftari la usajili kule Kenya aone kama ndege ina rehani ya benki. Na kwenye mkataba iandikwe kwamba mwenyewe ndiye atakayeifuta kwenye usajili wa 5Y, kwa gharama zake, kabla ya malipo ya mwisho.

Pangaboi:

Mimi narudi kwenye Vitz yangu.

Mhasibu_Kisongo:

Nimekaa na wenzangu jana usiku. Tumempigia na kumwambia dola 27,000 kwa masharti ya Mzee Spana. Amekata simu. Asubuhi amepiga mwenyewe, ametaja 40,000. Tumemwambia Jumamosi tunakuja na fundi wetu kutoka Nanyuki, tutaongea bei baada ya filta kukatwa mbele yetu.

Daktari wa meno ana swali lake. Ana ile kamera ndogo ya kutazamia meno ya nyuma, anauliza kama inapita kwenye tundu la plagi.

Fundi_Spana:

Tundu ni milimita 18. Aje nayo. Aipanguse kwanza.