Gereza (ngome ya kale) la Kilwa Kisiwani: lijengwe upya au liachwe?

Mdau wa Lindi: Wakuu, kwa nini kuta za Gereza zilizoanguka upande wa bahari zisiinuliwe zote? Saruji ipo.

Fundi Chokaa: Uinue za nani, mkuu? Mreno alijenga 1505, akaondoka 1512. Kingi unachokiona ni cha Waomani wa karne ya 19. Na saruji weka mbali! Haipumui: chumvi inanasa ndani ya jiwe la matumbawe, linamong'onyoka. Mimi hutumia chokaa na mchanga, polepole. Paliposimama paimarishwe tu.

Binti Pwani: Na mawimbi je? Magofu yalitolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini 2014, bahari haikusoma barua.

Fundi Chokaa: Hapo umenena, dada. Mikoko ya kukinga mawimbi kwanza, mwiko wa fundi baadaye.