Gurinder Chadha: Nairobi ina nafasi gani katika filamu zake?

Mpenda Sinema (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Klabu yetu ya filamu hapa Nairobi imenikabidhi kazi ya kuandaa mazungumzo kuhusu Gurinder Chadha, mwongozaji wa *Bend It Like Beckham*. Kila ninaposoma habari zake nakutana na sentensi ileile, kwamba alizaliwa Nairobi mwaka 1960 katika familia ya Wapunjabi na akapelekwa London akiwa na umri wa miaka miwili. Baada ya hapo Nairobi haitajwi tena. Baadhi ya wenzangu klabuni wanashikilia kwamba familia yake ilifukuzwa kama Wahindi wa Uganda. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, huo utoto wa Nairobi umeacha alama yoyote katika kazi zake, au ni sisi tu tunaopenda kujitwalia watu wakishapata jina?

Mhariri wa Picha

Ndugu mleta mada, tuanze na hilo la kufukuzwa, kwa kuwa likiachwa hivyo litaharibu mazungumzo yako yote. Amri ya Idi Amin ilitoka mwaka 1972, na ule msukumano wa Wahindi wa Kenya kuwahi Uingereza kabla mlango haujafungwa ulikuwa wa miaka ya 1967 na 1968. Akina Chadha walikuwa wamekwisha kuondoka zamani, Kenya ikingali koloni. Uganda yenyewe ameigusa baadaye sana, katika *Christmas Karma* ya mwaka 2025, ambayo mhusika wake mkuu ni mtoto wa familia iliyotimuliwa na Amin.

Kilichoipata familia yake kiliipata huko ilikokwenda. Baba yake, Kalasinga mwenye kilemba na ndevu zake, alikuwa mfanyakazi wa benki Nairobi, lakini alipoomba kazi ya namna hiyo London uzoefu wake haukuhesabiwa kitu kwa sababu ya sura aliyokuja nayo, na mwishowe akafungua duka ili watoto wale. Walikaa Southall, magharibi mwa jiji, mahali ambapo Wapunjabi wengi walikuwa wakihamia.

Sasa itazame *Bend It Like Beckham* (2002) ukiwa na habari hiyo. Wengi huikumbuka kwa mpira na harusi, nami naona filamu nzima imening'inia kwenye maneno machache ya baba, anayeigizwa na Anupam Kher. Kocha amekuja nyumbani kumwombea binti, Jess, ruhusa ya kucheza mpira, na mzee, akiwa amekaa sebuleni mwake chini ya ulinzi wa picha kubwa ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kalasinga, anamweleza kwamba alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji wa kasi hodari kuliko wote katika timu ya kriketi ya shule yao, kwamba timu hiyo ilichukua hata kombe la Afrika Mashariki, na kwamba alipofika Uingereza Wazungu wa vilabuni walikicheka kilemba chake na kumfukuzia mbali. Mama mtu hoja zake ni za desturi na macho ya majirani. Baba anakataa kwa sababu aliwahi kujaribu mwenyewe, akaumia, na hataki mwanawe aonje kilekile. Kwa hiyo Nairobi imo, na imo kama mahali ambapo mtu huyu alikuwa anaweza.

Ndiyo maana siku ya harusi ya dada, fainali ikichezwa upande wa pili wa mji, ruhusa ya kwenda uwanjani haina budi kutoka kwake. Miaka 17 baadaye, katika *Blinded by the Light* (2019), Chadha anarudia mpango huohuo, ingawa safari hii familia ni ya Wapakistani wa mji wa Luton mwaka 1987 na kisa kinatokana na maisha ya mwanahabari Sarfraz Manzoor. Baba amepoteza kazi kiwandani. Siku ya harusi ya dada, kijana anachomoka kwenda kununua tiketi za onyesho la mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, na nyuma yake msafara wa harusi unakutana na maandamano ya wabaguzi. Baba anapigwa barabarani akiwa amevalia nguo zake za sherehe. Filamu ya kwanza ilimlipa mtoto kwa kutoroka, hii ya pili inamdai.

Binti wa Pwani

Nimeisoma hoja ya Mhariri wa Picha kwa makini, na sehemu ya baba naikubali. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili habebi mji. Alichobeba Chadha ni masimulizi ya wazee wake, na hayo aliyasikia Southall, kwa hiyo Southall ndiyo iliyomlea. Mwaka 1979, alipokuwa na miaka 19, maandamano ya kupinga wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, yalifanyika palepale mtaani, polisi wakapambana na waandamanaji, na mwalimu Blair Peach akafariki kwa majeraha. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akiamua kutengeneza filamu za kuchekesha, kicheko chake hakitokani na kutojua mambo.

Alisoma Chuo Kikuu cha East Anglia, akawa mwandishi wa habari wa redio katika BBC, kisha karibu na mwaka 1990 akatoa filamu fupi ya hali halisi, *I'm British But...*, inayowahoji vijana wa Kiasia wa Uingereza huku bendi ya bhangra, yaani ngoma za Kipunjabi, ikipiga muziki juu ya paa la duka huko Southall. Fedha zilitoka British Film Institute na kituo cha Channel 4. Naomba hilo uliweke katika mazungumzo yako, kwa maana sisi huku tunapenda kusifia kipaji na kusahau kuuliza ni nani aliyelipa.

Halafu mnairuka vipi *Bhaji on the Beach* (1993)? Hapo ndipo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa jamii ya Waasia wa Uingereza kuongoza filamu ndefu. Meera Syal aliandika mswada: wanawake wa rika zote wanapanda basi dogo kutoka Birmingham kwenda kutembea Blackpool, mmoja amemkimbia mume anayempiga, mwingine ni msichana aliyeshika mimba ya mpenzi wake mweusi na hajui atawaambiaje wazazi, na shangazi zao wamo humohumo garini wakihukumu kila kitu. Hakuna baba anayetoa ruhusa. Kwangu mimi hiyo ni filamu yenye ujasiri kuliko ile iliyomletea umaarufu na mapato ya zaidi ya dola milioni 70.

Ila namheshimu kwa namna anavyotumia kilichopo. Parminder Nagra, aliyecheza kama Jess, alikuwa na kovu kubwa la moto mguuni, akahofu kwamba bukta itamkosesha nafasi. Chadha akaliingiza kovu katika mswada, likawa siri ya Jess mwenyewe, na kocha naye akapewa kovu la goti la kumwonyesha.

Mpenda Sinema

Ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Swali la mwisho: ikiwa tuna jioni moja tu, tuonyeshe ipi? Mwenyekiti wetu anapendelea *Viceroy's House* (2017), kwa kuwa inahusu kugawanywa kwa India na yeye ni mwalimu wa historia.

Mkazi wa Ngara

Kwa heshima zote kwa mwenyekiti, hapana. Filamu hiyo inakaa mno katika kasri la Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Uingereza huko India, na mwandishi Fatima Bhutto aliishambulia vikali katika gazeti la *The Guardian* kwa jinsi ilivyowasawiri Waislamu na watawala. Chadha naye akajibu. Mimi kasoro ninayoiona ni nyingine. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, bibi yake mwongozaji alikimbia na watoto wake, na mdogo kabisa akafa kwa njaa njiani, lakini habari hiyo inatokea mwishoni tu, katika maandishi ya kufungia, baada ya sisi kumalizana na mabwana na mabibi wa kasri. Filamu tuliyopaswa kuiona ni ile ya bibi.

Onyesheni *Bend It Like Beckham*, kisha mwombe mwenye projekta arudishe sehemu mbili: maneno ya baba sebuleni, na mpira wa adhabu katika fainali, ambapo Jess anautazama ukuta wa mabeki na kuwaona mama yake na shangazi zake wamejipanga na mavazi yao ya harusi. Wakati wa maneno ya baba zuieni watu wasicheke, maana sehemu iliyotangulia ni ya kuchekesha na ukumbi huwa bado haujatulia.