Wauza kaseti za Game Boy humu: "ikiwaka ni orijino" ni utapeli, tumechoka

Wakuu, salaam.

Nitasema wazi kabla hasira hazijapanda zaidi. Jukwaa hili la gemu za zamani limegeuzwa gulio la feki, na wasimamizi wanapita kimya kama hawaoni. Kila wiki tangazo jipya la kaseti ya Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo: "Pokémon Emerald, orijino kabisa, haina shida." Ukihoji uorijino uko wapi unajibiwa, "Mkuu, inawaka, inacheza, inasevu, unataka nini tena?"

Nataka ushahidi. Kuwaka si ushahidi. Anayetengeneza feki kule kiwandani lengo lake ni hilo hilo, iwake mpaka hela iwe imeshalipwa.

Angalieni na picha zenyewe. Moja tu, ya mbele, imepigwa usiku kwa flashi hadi stika imegeuka kioo. Ukiomba picha ya chini unaambiwa "njoo inboksi". Ukifika inboksi unapewa bei ya mwisho. Ukiomba afungue kaseti, eti "nikifungua inashuka thamani". Uongo mtupu! Kaseti ya Game Boy Advance (GBA), ambayo ndiyo ya Emerald, inashikwa na skrubu moja tu kwa nyuma, yenye mdomo wa pembe tatu kama herufi Y. Stika iko mbele na haiguswi hata kidogo. Fungua, piga picha bodi pande zote mbili, funga. Kaseti za Game Boy ya kwanza na Game Boy Color nazo zina skrubu moja, ila hiyo inataka kichwa maalumu cha milimita 3.8. Ukikuta skrubu ya nyota ya kawaida, basi kuna mtu alishaingia humo ndani, au kaseti haikutoka Nintendo kabisa.

Kwa wanaonunua, shikeni haya. Naanza na yasiyohitaji bisibisi.

Inamisha kaseti chini ya taa inayopiga kwa ubavu. Stika halisi ya GBA ina tarakimu mbili, wakati mwingine na herufi moja baada yake, mfano 05 au 22A, mara nyingi upande wa kulia. Zimegandamizwa kwenye karatasi, hazijachapwa kwa wino, ndiyo maana kwa flashi ya usoni hazionekani. Sasa mnajua kwa nini flashi inapendwa. Feki za siku hizi nyingine zinaiga alama hiyo, kwa hiyo kuwepo kwake peke yake hakutoshi. Isipokuwepo, shuku.

Kisha geuza uchungulie kwenye mdomo wenye pini. Juu ya pini, kwenye bodi, panasomeka "Nintendo" kwa maandishi madogo. Picha hiyo haichukui hata dakika. Muuzaji anayeshindwa kuipiga ana sababu zake.

Halafu soma namba ya stika. Emerald ya Marekani ni AGB-BPEE-USA. Kwa Pokémon nyingine za GBA, Ruby ni AXVE, Sapphire AXPE, FireRed BPRE, LeafGreen BPGE. Kuna Emerald zinauzwa zikiwa na namba ya FireRed kwenye stika na hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna anayesoma. Ndani ya kaseti halisi, chipu kubwa nayo imeandikwa namba hiyo hiyo.

Sasa betri, na hapa ndipo watu wanapigwa kuliko pote.

Ruby, Sapphire na Emerald zina betri ya CR1616. Kazi yake ni moja, kuendesha saa ya ndani. Sevu haiitegemei, inakaa kwenye kumbukumbu ya fleshi ya megabiti 1. Ndiyo maana Emerald halisi ya tangu 2005 ikiwashwa leo inatoa ujumbe kwamba betri ya ndani imekwisha, unaweza kucheza ila mambo ya saa hayatatokea, na sevu ya mwenye mali wa zamani bado ipo. Mnunuzi mgeni akiona ujumbe huo anakimbia akidhani kaseti ni mbovu. Kumbe ni dalili njema!

Feki nyingi zimejengwa kinyume. Wameweka kumbukumbu ya bei rahisi inayoshikilia sevu kwa umeme wa betri, kisha wakabandika kiraka kwenye programu ya gemu ili ikubali. Betri ikilegea, sevu yote imekwenda. Nyingine zinasevu vizuri safari nzima, halafu zinafeli pale unapomaliza Elite Four, wale wapinzani wanne wa mwisho, kwa sababu hapo gemu inaandika sehemu ya kumbukumbu ambayo aliyeiga hakuijali. Nyingine zinakutolea ujumbe kwamba bodi ndogo ya 1M haijafungwa, yaani gemu haioni ile kumbukumbu ya megabiti 1. Muuzaji aliyekuonyesha sevu ya mji wa kwanza hajakuonyesha kitu.

Na hili liandikeni ukutani: FireRed na LeafGreen hazina saa, hivyo hazina betri. Mtu akikutangazia "FireRed orijino, nimeweka betri mpya", amejianika mwenyewe. Matangazo ya namna hiyo yapo humu mpaka sasa.

Mwisho, tarehe za chipu. Kwenye chipu nyingi kuna tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki. 0512 ni wiki ya 12 ya mwaka 2005. Emerald ilitoka Japani Septemba 2004, Marekani Mei 2005, Ulaya Oktoba 2005. Chipu ya 2014 ndani ya "Emerald ya zamani" imetokea wapi?

Kopi si dhambi, nielewekeni. Mtoto anataka kucheza, kopi ya bei rahisi inatosha, na kuna wanaotengeneza kopi nzuri wakaiandika kopi. Ninachopinga ni kuiuza kwa bei ya halisi kwa neno "orijino". Wasimamizi, wekeni sharti: tangazo lisilo na picha ya stika iliyoinamishwa, pini na bodi, lifutwe. Na nyie mnaonunua kutoka nje kwa PayPal, msikubali kutuma kama hela ya ndugu na marafiki. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi, na matapeli ndiyo wanayoing'ang'ania.

Nawasilisha.

---

FundiLehemu:
Mleta mada umenena. Naongeza kwenye betri, maana mafundi wenzangu nao wanaharibu mali.

Nunueni CR1616 yenye masikio (vibati vya kulehemia) yaliyochomelewa tayari kiwandani. Msilehemu moja kwa moja kwenye uso wa betri. Joto linaiua, na inaweza kupasuka. Pasi ya kulehemu iwe kama nyuzi 350, gusa sikio sekunde mbili tatu, toa. Na msishikilie betri kwa selotepu. Inacheza ndani ya kaseti, saa inakatika, mteja anarudi na matusi.

Ukishabadilisha kwenye Emerald, sevu itabaki lakini saa imeanza upya. Matunda ya ndani ya gemu hayatakua mpaka saa mpya ifikie muda uliokuwa umehifadhiwa. Mwambie mteja mapema, asije akaiita kaseti feki.

Pokémon Gold, Silver na Crystal ni habari nyingine. Zile za Game Boy Color sevu inategemea betri kweli, CR2025, na betri hiyo hiyo inaendesha saa, ndiyo maana zinakufa mapema kuliko Red na Blue. Ukiitoa tu, sevu imefutika, labda uwe umeunga volti 3 za pembeni sambamba kabla hujagusa kitu. Wengine wanalazimisha CR2032. Hiyo ina unene wa milimita 3.2 badala ya 2.5, kava inabinuka. Ukikuta Gold iliyobinuka mgongo, ujue. Na Gold halisi ina kioo cha saa, kile kipande kidogo kinachopiga mapigo ya saa, cha kilohertz 32.768 kwenye bodi. Feki nyingi hazina, saa ndani ya gemu inakwama.

---

MzigoMpya_Kkoo:
Mnatutukana wafanyabiashara bure. Mzigo unatoka China kwa jumla, sisi tunapokea umeandikwa orijino. Mteja anataka gemu, hataki somo la bodi. Na mbona kuna kaseti halisi zenye stika iliyochakaa, hizo namba za kugandamizwa mtazionea wapi?

---

Mleta mada:
Mkuu, Nintendo hawauzi Emerald mpya kwa jumla. Mzigo wa vipande hamsini, vyote stika safi, vyote rangi moja, umeshajieleza wenyewe. Stika ikichakaa bado kuna pini, bodi, chipu na betri, vitu vinne ambavyo havichakai kwa pamoja.

Kipimo kingine kwa wenye DS au DS Lite, mashine za Nintendo zilizofuata GBA: chomeka kaseti kwenye tundu la chini, washa Pokémon Diamond, Pearl au Platinum iliyofika hatua ya kuruhusu kuhamisha Pokémon kutoka kaseti ya GBA. Kaseti halisi inajitokeza kwenye menyu. Feki nyingi hazionekani. DSi haina tundu hilo, usihangaike nayo. Na usitegemee kipimo hiki peke yake, feki zinaboreshwa.

---

Otis_Umoja:
Huku Nairobi shida kubwa ni PS2, wazee. Kila stoli ina DualShock 2 "original", yaani pedi ya PS2. Hakikisha nyuma imeandikwa SCPH-10010, lakini usiishie hapo, stika inachapishwa. Weka Gran Turismo 4, finya X polepole. Pedi halisi inahisi nguvu ya kidole, gari linaongeza mwendo taratibu. Feki inajua mambo mawili tu, sifuri na mwisho.

Memori kadi: Sony walitengeneza ya MB 8, SCPH-10020. Ukiona jina la Sony na MB 64 au 128 kwa kadi moja, hiyo ni hadithi. Kuna kampuni zingine zilitoa kadi kubwa kwa majina yao, hizo sawa, lakini si Sony. Ya PS1 ni vizuizi 15 basi.

Diski za PS1 halisi zina chini nyeusi. Lakini weusi peke yake unaigwa, kuna diski tupu nyeusi. Ushahidi ni kwamba halisi inasoma kwenye mashine ambayo haijawekwa chipu ya kuruhusu kopi. Karibu na katikati kuna mtikisiko wa njia uliobeba herufi za eneo, SCEE kwa Ulaya, SCEA Marekani, SCEI Japani, na mashine ya kawaida ya kuchoma diski haiwezi kuuandika. Mashine nyingi za huku zilishachipiwa, kwa hivyo kujaribia kwa ya jirani hakukusaidii. PS2 usichanganyikiwe: ya CD ni bluu kwa chini, ya DVD ni fedha. Zote mbili zaweza kuwa halisi.

---

Mleta mada:
Asante kaka. Na kwa sababu umegusa zamani zaidi: wanaouza zile kaseti za njano za gemu 999 kwa moja kama "Famicom ya Japani 1983", acheni. Pini 60 zinaingia kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ya Japani, ni kweli, wakati NES, ndugu yake wa Marekani na Ulaya, ina 72. Lakini Nintendo hawakutoa kaseti ya gemu 999. Ukifungua ni tone jeusi la gundi juu ya bodi na hakuna jina. Mimi naona nazo zinastahili kukusanywa, tena kwa pupa, maana ndizo zilizotulea wengi wetu pwani na bara. Ziiteni kwa jina lake tu.

Na hizo boksi "hazijafunguliwa" ndiyo usiniambie kabisa. Tangu Julai 2021, Super Mario 64 iliyofungwa ilipouzwa dola milioni 1.56 kwenye mnada wa Heritage, kila mwenye mashine ya kufungia nailoni ana hazina stoo. Boksi la NES lililofungwa na Nintendo wenyewe lina mshono wa kulala nyuma. Picha ya nyuma haipo? Hakuna mazungumzo.

---

MzigoMpya_Kkoo:
Haya, nimefungua moja ya Emerald, picha hizo hapo. Semeni.

---

FundiLehemu:
Juu ya pini hakuna Nintendo. Chipu haina BPEE, imekwanguliwa maandishi. Betri imeshikwa na kibano cha chuma, haijachomelewa. Risasi ya kulehemu imemwagika kwenye miguu miwili ya chipu ndogo, hapo hata kama kopi itakusumbua, ipitishie pasi kabla hujamuuzia mtu.

---

Mleta mada:
Umefanya jambo la kiume kuweka picha, mkuu. Sasa rudi kwenye tangazo, futa "orijino", andika "kopi, sevu inategemea betri", na bei ishuke kwa kiasi hicho. Zilizobaki kwenye boksi nazo zifungue.