Tupeane uzoefu: fiziotherapia ya misuli ya nyonga, ulitamani uambiwe nini kabla ya siku ya kwanza?

Mama Wawili
Habari za jioni wadau. Tangu uzazi wa pili nina tatizo: nikikohoa, nikicheka kwa nguvu au nikinyanyua ndoo ya maji, mkojo unanitoka. Daktari kapima, hakuna maambukizi, kaniandikia rufaa kwenda fiziotherapia ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile ya chini inayoshikilia kibofu, kizazi na haja kubwa. Kuuliza huko wanafanya nini, najibiwa "mazoezi tu dada, usiogope". Hapo ndipo nilipoogopa.

Naomba waliopita wenyewe waseme, wanawake kwa wanaume. Wauza shabu, vidonge vya kubana na "njoo inbox", pitieni mbali.

Mtoto wa Ngamiani
Pole mwaya. Mimi kizazi kilishuka baada ya mtoto wa tatu. Asubuhi niko sawa, ikifika jioni nasikia uzito huku chini kama kitu kinataka kutoka.

Siku ya kwanza sehemu kubwa ni maswali. Unakojoa mara ngapi, usiku unaamka? Choo kigumu? Ulichanika au uliongezwa njia? Tendo la ndoa linauma? Unabeba mizigo gani kazini? Mimi nilikwenda na wifi yangu, ikabidi nimwombe akae nje, maana mengine huwezi kuyajibu wifi akiwa anasikiliza. Kama unaenda na mtu, chagua mtu ambaye hutamficha kitu.

Kisha nikapewa kazi ya nyumbani, daftari la kibofu la siku 3. Unaandika umekunywa nini na kiasi gani, umekojoa saa ngapi, kiasi gani (chukua kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, kiwe cha kazi hiyo tu), na lini umevuja na ulikuwa unafanya nini. Wewe lijaze kabisa kabla hujaenda. Langu lilionyesha kwamba kila nikitaka kutoka nyumbani lazima nipite chooni, hata kama sina mkojo, "nisije nikaadhirika njiani". Nikaelezwa kwamba kwa mtindo huo kibofu kinazoea kuita kikiwa na kidogo tu. Na mimi nilikuwa nimepunguza maji nikidhani ndiyo dawa! Mkojo ukiwa mzito unakera kibofu, na choo kinakuwa kigumu, ukikaza kusukuma choo unaisukuma na ile misuli unayotaka kuiponya.

Sasa kupimwa. Anakueleza kwanza atakachofanya, anakupa shuka, anatoka, unavua nguo za chini tu unajifunika. Anaangalia kwa nje ukikohoa. Baada ya hapo, ukikubali, anaingiza kidole kimoja chenye glavu na jeli, anakwambia bana, achia, bana, achia. Kile chuma cha wodini cha kupanulia uke sikukiona. Kuuma hakukuuma. Aibu ilikuwepo, nisiseme uongo.

Mama Wawili
Na nikikataa kidole?

Mtoto wa Ngamiani
Unakataa, na kazi inaendelea. Mwenzangu tuliyekutana benchi alikataa, akapimwa kwa nje tu.

Mfizio wa Kanda ya Ziwa
Ndiyo kazi yangu hii, niongezee kidogo.

Ruhusa unaitoa kila mara. Hata kama ulikubali mwanzo, ukisema "basi" katikati, mkono unatoka hapo hapo na huna haja ya kueleza sababu. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, na ya kuomba mtu wa tatu awepo chumbani. Badala ya kidole tunaweza kuangalia msamba kwa nje, au kuweka ultrasaundi juu ya tumbo na ukaona kwenye kioo kibofu kinavyonyanyuka ukibana. Bikira hatumpimi kwa ndani, lakini useme mapema, usituachie kukisia.

Mambo ya kusema kabla hujapanda kitanda: una mimba au unahisi unayo, umejifungua karibuni (kipimo cha ndani kwa kawaida hungoja wiki 6 hivi), umefanyiwa upasuaji, una kitanzi, una kifaa cha mapigo ya moyo, una uchafu wenye harufu au muwasho. Maambukizi yatibiwe kwanza. Damu kwenye mkojo ni ya daktari, usiilete kwangu ukitafuta mazoezi.

Na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona akina mama wakipoteza muda. Kama baada ya uchungu mrefu mkojo unatiririka wenyewe mchana na usiku, umekaa, umelala, bila kukohoa wala kunyanyua kitu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu halifungwi kwa kubana misuli. Linashonwa. Ukiwa Tanzania, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu bila malipo, na tangu 2009 wamekuwa wakituma nauli kwa M-Pesa ili mgonjwa afike. Mazoezi yana nafasi yake, lakini baada ya upasuaji.

Mshamba hachekwi
Samahani wakuu, kwani na wanaume wana hiyo misuli?

Mtoto wa Ngamiani
Wewe tumbo likikuchafukia ndani ya daladala ya Mbagala, unadhani unazuia kwa nini? Kwa imani?

Mzee wa Machame
Nimecheka, na kwa bahati nzuri siku hizi nikicheka naweza kubaki mkavu.

Mimi nilitolewa tezi dume kwa ajili ya saratani. Vijana wangu, hakuna aliyeniambia mapema kwamba mpira wa mkojo ukitolewa utavuja. Nilijua nikipona nimepona. Kwa hiyo mwenye miadi ya upasuaji huo aombe kuonana na fiziotherapia KABLA. Ukiijua misuli yako mapema, baadaye unakumbushwa tu. Ila mpira ukiwa bado ndani usifanye mazoezi, subiri utolewe.

Mwanamume anapimwaje? Kwa njia ya haja kubwa, au kwa ultrasaundi juu ya tumbo, au anaangalia msamba kwa nje ukibana. Mimi nilichagua ultrasaundi, umri huu nimeshapimwa vya kutosha. Maelekezo ya kubana niliyopewa yalikuwa ya kushangaza ila yanaeleweka: vuta uume uingie ndani, nyanyua korodani, matako na mapaja yabaki yamelegea. Ukiona unabana meno, anza upya.

Kilichonisaidia zaidi ni kubana KABLA ya tukio. Kabla ya kusimama kutoka kitini, kabla ya kukohoa, kabla ya kunyanyua jembe. Mkojo hausubiri uanze kufikiri. Na msiwe na haraka, ni jambo la miezi. Nunua pedi za kutosha na suruali nyeusi, ibada nikawa nakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na maisha yakaendelea.

Msichana wa South B
Wacha nitoe yangu maana ni kinyume cha zenu wote. Mimi sikuwa navuja. Shida yangu ilikuwa uchungu, tendo la ndoa lilikuwa haliwezekani, hata kuweka tampon ilikuwa vita. Kila mtu mtandaoni anasema fanya kegel, hayo mazoezi ya kubana, programu kwenye simu inaniambia bana, shikilia, bana. Uchungu ukazidi.

Kufika kwa physio, alichokipata ni misuli ambayo haijui kuachia. Imekaza saa zote. Akanikataza kubana kabisa! Tiba yangu ilikuwa kupumua hadi tumbo lishuke, kulegeza, kukaa chooni bila kusukuma, miguu juu ya stuli (wenye choo cha kuchuchumaa mmebarikiwa). Baadaye vipanuzi vya uke, vile vya saizi ndogo kwenda kubwa, navitumia mwenyewe nyumbani kwa mwendo wangu. Ile siku ya kwanza ya kupimwa kwa ndani haikufika kabla hatujaonana mara kadhaa, na hakuna aliyenikimbiza.

Kwa hivyo dada, usianze kubana wiki hii ukisubiri miadi. Wacha kwanza upimwe ujue misuli yako ni legevu ama imekaza. Ukitazama kwa nje dalili zinafanana, hata aliyekaza anaweza kuvuja.

Pesa: piga simu bima yako kabla, uliza kama wanalipa fiziotherapia ya nje ya wodi, na kama wanataka barua ya daktari. Mimi nililipa kutoka mfukoni kwa kukosa barua tu.

Mfizio wa Kanda ya Ziwa
Naunga mkono. Na niwape kitu ambacho wengi hawakijui: Arnold Kegel, yule daktari wa Marekani aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwatuma wagonjwa nyumbani na karatasi. Alitumia kifaa cha kupima mbano ndani ya uke ili mama aone kwenye mshale kama anabana misuli sahihi. Mtandao umechukua kubana, kupima umekuacha.

Mama Furaha, Lyon
Mimi ni mama wa Bukavu, naishi Ufaransa. Huku nilipozaa niliandikiwa seansi 10 za misuli ya nyonga, bima ya serikali ikalipa zote. Niliogopa, nikafikiri wameona ugonjwa kwangu. Kumbe ni jambo la kawaida hapa, akina mama wengi wanaandikiwa, na unaweza kuzifanya kwa mkunga au kwa kine (ndiyo fiziotherapia wa huku).

Mkunga wangu alitumia umeme kidogo wa kuamsha misuli. Kifaa kinachoingia ndani unanunua wewe mwenyewe famasi, ni chako peke yako, unaenda nacho na kurudi nacho. Mkikuta mahali kifaa kimoja kinapita kwa watu wengi, ulizeni kinasafishwaje. Umeme haukuniumiza, ni mtekenyo wa ajabu tu, na yeye anaongeza mpaka pale unaposema hapo panatosha. Dada zangu walioko nyumbani wakisikia nilipewa bure wanakasirika, na wana haki.

Binti Unguja
Kwa sisi wa pwani: mama mkwe alinifunga mkaja hadi nikashindwa kupumua. Mhudumu hakukataza mkaja, aliomba tu usikazwe juu, kwa sababu ukilibana tumbo kwa juu uzito wote unashuka chini kwenye misuli iliyochoka. Mama mkwe alikubali alipoambiwa na mtu mwenye koti jeupe, mimi nikisema alikuwa hasikii.

Miadi yangu ilidondokea Ramadhani. Kipimo cha ndani na funga ni suala la kumuuliza sheikh wako, nami nikaona rahisi kuomba wakati huo tufanye mazoezi ya nje tu. Walikubali bila neno.

Mama Wawili
Asanteni jamani, mmenipa usingizi. Daftari naanza kesho. Je, nikiwa kwenye siku zangu niahirishe? Na haya mazoezi ni mpaka lini?

Mfizio wa Kanda ya Ziwa
Siku zako hazizuii, hatushangai damu. Ukiona huna raha, omba tufanye ya nje.

Kwa kuvuja kwa kikohozi kama kwako, mwongozo wa Uingereza unasema angalau miezi 3 ya mazoezi yenye usimamizi, mibano isiyopungua 8, mara 3 kwa siku. Idadi yako wewe itatokana na kipimo, kuna mama ninayemwanzisha na mibano mitatu ya sekunde mbili kwa sababu ndiyo anayoiweza. Usijizoeze kwa kukata mkojo katikati kila ukikojoa, kibofu kinaweza kubakiza mkojo ndani. Na ukiwa na miezi kadhaa ya kufanya sawasawa bila mabadiliko, rudi kwa daktari, kuna pesari (kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia), kuna upasuaji.

Mshamba hachekwi
Na wale wanaouza mipira midogo ya silikoni ya kuweka ndani, inasaidia?

Mfizio wa Kanda ya Ziwa
Baadhi ya wanawake inawasaidia, wakishapimwa. Mtu kama Msichana wa South B ingemuumiza. Usimnunulie mkeo zawadi hiyo kabla hajakuomba.

Mshamba hachekwi
Nimeshalipia 😭

Mtoto wa Ngamiani
Irudishe.