MREJESHO: lile neno "smart" na wanafunzi wangu Wakorea

Wakuu, niliuliza hapa nitawaelezaje Wakorea ninaowafundisha Kiingereza kwamba "smart" si simu tu. Kwao ni seumateu, wakilisikia akili inakimbilia vifaa vya kisasa. Nami kichwani nina smati yetu, ya shati lililopigwa pasi.

Aliyeniambia nianzie kwenye maumivu, ubarikiwe. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilihusu kuchoma, kuwasha. Schmerz ya Kijerumani, yaani maumivu, ni ndugu yake. Hadi leo kidonda kikipata spiriti Mwingereza anasema kina-smart. Kutoka ukali wa maumivu likaenda kwenye wepesi, kisha akili, kisha unadhifu.

Nilipofika hapo, mama mmoja wa makamo akapiga meza: "Maepda!" Kwao pilipili ni maepda, moshi machoni maepda, na mkono ulio maepda ni ule ambao kofi lake dogo linauma, au unaofanya kazi safi isiyo na kasoro. Nikabaki nacheka. Si ndiyo "mkali" wetu? Kisu kikali, pilipili kali, mkali wa hesabu.

Wiki ijayo wanataka "nice". Hapo tena nitawasumbua ninyi, wakuu.