Riwaya ya klabu ya haki za binadamu: The Giver, The Hunger Games au Noughts & Crosses?

Mshale: Habari zenu wakuu. Nanunua riwaya moja ya vijana kuhusu nchi iliyooza, kwa ajili ya klabu ya kusoma, mada ni haki za binadamu. Nimebaki na hizo tatu. Oda inatoka wiki hii. Ipi?

Kalamu_Nyeusi: Wana umri gani? Kiingereza chao kikoje? Mna vikao vingapi? Bila hayo tunapiga ramli.

BintiPangani: Hunger Games (2008). Mtoto maskini anaongeza jina lake kwenye bahati nasibu ya kifo ili apate nafaka na mafuta ya mwaka, na majina hayafutwi mwaka ukiisha. Ndiyo maana Katniss, mhusika mkuu wa miaka 16, ana karatasi 20 zenye jina lake, na rafiki yake Gale 42. Wapige hesabu hiyo ubaoni, kisha wasome ibara ya 25 ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948, inayotaja haki ya chakula.

Kalamu_Nyeusi: Mambo huharibikia uwanjani, watoto waliochaguliwa wanapopigana hadi kufa. Njaa inasahaulika, kikao kizima ni Katniss ampende Peeta au Gale, na waliotazama filamu wanajibu kwa filamu. Malizeni kwanza mjadala wa sehemu ya kwanza, sura 9, kabla mapigano hayajaanza.

Mzee_wa_Maktaba: Wakiwa wa miaka 12, chukua The Giver (1993). Sura 23 fupi, sentensi nyepesi. Humo watu "huachiliwa"; usiwadokeze maana ya neno hilo hadi sura ya 19, baba yake Jonas, mhusika mkuu, anapomdunga sindano pacha aliye mwepesi kwa uzito. Hapo darasa zima hunyamaza.

BintiPangani: Mwisho wake unaning'inia, watalalamika.

Mzee_wa_Maktaba: Walalamike! Mjadala ndio huo.

Tumbatu: Mnaipita Noughts & Crosses (2001) ya Malorie Blackman. Weusi wanatawala, weupe ndio wanaobaguliwa. Shania, msichana mweupe, anaumia kwenye paji la uso, plasta inang'aa kwa ukahawia kwenye ngozi yake nyeupe, kwa sababu za rangi yake hazitengenezwi. Sura zinapokezana kati ya wasimulizi wawili, Sephy mweusi na Callum mweupe, kwa hiyo wasomaji wawili wanaweza kusoma kwa sauti. Ila ina mabomu na kunyongwa: miaka 14 kwenda juu.

Kombo_K: Kwa nini zote za Kiingereza? Kuna Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anaishia kwenye nchi yenye haki.

Tumbatu: Hiyo ni nchi njema, Mshale anataka nchi iliyooza.

Kombo_K: Nchi inayomhukumu Dzombo ni njema?

Kalamu_Nyeusi: Mafumbo yake ni mazito kwa watoto.

Mshale: Samahani kwa kuchelewa. Wana miaka 12 hadi 17, vikao sita.

Kalamu_Nyeusi: Hayo ni makundi mawili, ndugu. Bajeti inaruhusu vitabu viwili?