Mboji kwa nyumba ya wapangaji sita: tumekosea wapi?

Mpangaji wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Nyumba yetu ina wapangaji sita, watu kama 20, na wote tunapikia uani. Gari la taka linapita mara moja kwa wiki, kuna wiki halionekani kabisa. Taka za jikoni zinajaza ndoo ya lita 10 kila siku: maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, ukoko. Zikisubiri gari kwenye viroba, maji meusi yanachuruzika mpaka njiani na funza wanatoka. Tukatoboa ndoo mbili za lita 20 ili tutengeneze mboji. Siku ya tano zilikuwa zimejaa na zinanuka yai viza. Nafasi tuliyonayo ni mita 2 kwa 3 nyuma ya nyumba. Tumekosea wapi? Na chupa za maji, zinauzika zikiwa chache?

Bustani ya Uani
Mpangaji, ndoo zenu ni ndogo, na ndani yake hakuna kikavu. Harufu ya yai viza maana yake hewa haipiti, taka zimelowana na kushikamana.

Piga hesabu. Lita 10 kwa siku ni lita 70 kwa wiki. Kila ndoo ya taka mbichi inataka ndoo mbili za kikavu: majani makavu, maranda ya seremala, maboksi yaliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Hapo mna lita 210 kwa wiki. Tena ndoo ndogo haitunzi joto, na joto ndilo linaloua vijidudu na mbegu za magugu.

Tafuteni paleti saba za mbao, zile za kupangia mizigo. Zisimamisheni, mfunge pembe kwa waya, mpate masanduku mawili yanayochangia ukuta wa kati, kila moja kama mita 1 kila upande. Nafasi yenu inatosha na pa kusimama na beleshi panabaki. Chini na pembeni wekeni wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Ule wa mabanda ya kuku hauzuii panya, wadogo wanapenya na wakubwa wanautafuna.

Juu ya wavu tandikeni vijiti vya unene wa kidole gumba, kimo cha sentimita 15, hewa iingie kwa chini. Halafu taka mbichi sentimita 5, kikavu sentimita 10, na kuendelea hivyo. Taka mbichi isilale bila shuka hata usiku mmoja. Nzi anataga juu ya kilicho wazi. Akikuta maranda makavu, anakwenda kwingine. Funza wenu walianzia hapo.

Kupima maji, chota konzi kutoka katikati ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza kikavu ugeuze. Ikimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Masika funikeni turubai, lakini lisigandamane na lundo.

Kila baada ya siku saba geuzeni, cha pembeni kiingie katikati. Kujua kama limepata moto, chomeka kipande cha nondo katikati kwa dakika 10. Ukikichomoa na kiganja kikashindwa kukishika, kazi inakwenda. Lundo linashuka sana, kwa hiyo sanduku moja litachukua kama miezi miwili kujaa. Likijaa, liacheni liive mkijaza la pili.

Mpangaji wa Mbagala
Asante sana mkuu. Majivu ya mkaa tunayo mengi, hayawezi kuchukua nafasi ya maranda? Na vichwa vya samaki je?

Shamba Darasa
Majivu hapana. Kaboni, ambayo ndiyo tunayoitafuta kwenye maranda, imeshaungua, kilichobaki ni magadi magadi. Ukiyamwaga mengi, naitrojeni, chakula cha mimea, inatoka kama amonia, ile harufu ya choo cha mkojo, na mboji inabaki haina nguvu. Konzi moja kwa wiki haina neno.

Samaki, nyama na mafuta ya kukaangia visiingie humo kabisa. Vichwa vya samaki chimbieni shimo la sentimita 50 chini ya mpapai au mgomba, fukieni, wekeni jiwe zito juu.

Angalieni sana machicha ya nazi. Yakitupwa kama yalivyokamuliwa yanaganda tonge. Pasua tonge la wiki moja uone: nje limekauka, katikati jeupe, linateleza na kunuka chachu. Yavunjeni kwa mkono na kuyachanganya na maranda mara mbili ya wingi wake kabla ya kumwaga.

Jambo jingine linalowaponza wengi: ile mifuko iliyoshika nafasi baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Inafanana na kitambaa lakini ni plastiki. Haiozi, msifungie taka humo.

Mzani wa Skrepa
Chupa zinauzika, ila kwa kilo. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20, hivyo kilo moja ni chupa 50 hadi 65. Kusanyeni kiroba kizima ndipo mwite mnunuzi.

Vifuniko wekeni kando. Chupa inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 na zaidi, kifuniko hata 170 hakifiki, vikisagwa pamoja bila kutenganishwa mali inaharibika. Ukiwa na mashaka na kipande chochote, kikate ukizamishe majini: cha chupa kinazama, cha kifuniko kinaelea. Suuzeni kidogo, kanyageni zilale, na chupa iliyowekwa mafuta ya kula isichanganywe. Moja tu inapakaza kiroba kizima na bei inashuka.

Mpangaji wa Mbagala
Kazi itakuwa kwa majirani, wengine watatupa kila kitu pamoja. Mnapangaje?

Bustani ya Uani
Kila chumba ndoo yake ya lita 5 yenye mfuniko, ya vinavyooza tu. Pampasi, vioo na betri vinabaki kwenye kiroba cha gari. Kando ya sanduku ning'inizeni kiroba cha maranda na kopo ndani yake. Anayemwaga ndiye anayefunika, papo hapo. Kiroba hicho kikiisha, harufu inarudi siku ya pili, kwa hiyo apangwe mtu wa kwenda kwa seremala kila Jumamosi. Amwambie wazi hataki vumbi la mbao zilizotiwa dawa wala la mbao za gundi.

Shamba Darasa
Na kabla ya kuitumia, ijaribuni. Pandeni mbegu 20 za mchicha kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na 20 kwenye udongo mtupu. Baada ya siku tano hesabuni. Za kwenye mboji zikiwa chache, haijaiva, iacheni wiki tatu nyingine.